Mishubiri ya Shosho na Swali la Tatu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninaposhika kisu cha kukatia mshubiri. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Barabara kubwa ya Thika ilikuwa bado inachimbwa, na vumbi lake lilitua juu ya miche yetu pale Witeithie, hata kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ikawa kupangusa jani moja moja kwa kitambaa chenye maji. Sasa mmefunga shule na umeanza kunisaidia kitaluni, na jana nilikuona ukimjibu mteja kwa kutikisa kichwa. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia. Naandika polepole kama nilivyozoea, lakini mwenda pole hajikwai.

Unajua kwamba nilizaliwa Gitothua, kule Ruiru, na kwamba nyanya yako alikuwa anafua nguo za watu. Nilipomaliza darasa la nane, karo ya sekondari haikupatikana, nikabaki nyumbani. Usilolijua ni jinsi nilivyokuwa na haya. Mgeni akibisha hodi, mimi nilichukua mtungi nikaenda kuchota maji, hata kama mtungi ulikuwa umejaa. Mama aliona nitaozea ndani ya nyumba. Kanisani alikuwa na rafiki, mama mmoja mzee aliyeitwa Nyambura, ambaye kila mtu alimwita Shosho. Hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara na alikuwa anatafuta msichana wa kukaa naye. Mama akanifungia nguo zangu, tukaenda.

Vitalu vingine njiani viliuza miche ya miparachichi na maua ya rangi. Shosho alipanda zaidi mimea ya majani manene, ile inayojiwekea maji ndani yake. Alikuwa na mishubiri ya kila umri ndani ya mikebe na ndoo zilizopasuka. Alikuwa na mahuithia, ambayo wazee wa kwao walipasha jani lake moto kidogo wakaliweka kwenye goti lililovimba. Kwenye ua alipanda kariaria, ule mnyaa wa vijiti vya kijani, na alinionya siku ya kwanza kabisa nisiukate bila kufunga kitambaa usoni, kwa sababu maziwa yake yakiingia jichoni unaweza kupofuka. Mteja mwenye watoto wadogo hakuuziwa kariaria hata akibembeleza.

Alinifundisha bila haraka. Mchanga uwe mwingi kuliko udongo. Kipande ulichokata kikae kivulini siku tatu, kidonda chake kikauke, ndipo ukipande. Maji kidogo, tena ukiona udongo umekauka. Nilipomwagilia kila siku kwa sababu nilitaka aone nina bidii, miche sita ilioza mizizi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Huu mmea haufi na kiu. Unakufa na kupendwa sana."

Lakini jambo alilolishika kama ibada lilikuwa kukata jani la dawa. Alichagua jani la nje, lililokomaa, akalikata asubuhi, kisha akalisimamisha ndani ya beseni, upande wa kidonda ukiwa chini. Maji ya manjano yalitoka polepole, machungu hata ukiyanusa. Hayo, alisema, ndiyo yenye ukali. Ute mweupe wa ndani unapoza ngozi iliyoungua, lakini hayo ya manjano yanakoroga tumbo kama mwiko. Jani lilikaa hapo hadi maji hayo yaishe kabisa, kisha likaoshwa.

Na kabla ya kumpa mtu jani hilo, aliuliza maswali matatu. La kwanza, dawa ni ya nani? La pili, ni ya ngozi ama ni ya tumbo? Ukisema ni ya tumbo, na mgonjwa ni mwanamke, alikuangalia machoni akauliza la tatu: "Na huyo mama, yuko peke yake ama wako wawili?" Watu walicheka. Wengine waliona haya wakaangalia barabara. Shosho alisubiri jibu. Akiambiwa wako wawili, hakukupa hata jani la kunusa. Alikuambia umpeleke kliniki, akarudi kuketi.

Mimi nilisikia swali hilo mara nyingi. Nilijua maana yake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wahenga walisema, lakini mwanangu, kuna asiyeuliza ambaye tayari anajua. Huyo ndiye mbaya zaidi, na huyo ndiye nilikuwa mimi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Shosho alienda kanisani kwenye mkutano wa akina mama, akaniachia kitalu. Kando yetu kulikuwa na vijana wawili wa bodaboda waliopenda kuegesha pikipiki kwenye kivuli cha ua wetu, na mchezo wao mkubwa ulikuwa kunitania. Mmoja aliitwa Karis. Alikuwa anawaambia abiria wake, "Huyu ukimsalimia Jumatatu, anakuitikia Ijumaa." Mimi niliinama nikajifanya napalilia mikebe.

Saa nne hivi akaja mwanamume mwenye saruji kwenye viatu. Alikuwa amechoka, na alizungumza kwa lafudhi ya watu wa magharibi. Aliniambia mke wake tumbo limefunga siku nne, na mwenzake kule mjengoni amemwambia shubiri inafungua. Alitaka majani matatu. Kwenye beseni hapakuwa na jani, kwa hivyo nilikata mabichi nikayafunga kwenye gazeti, maji ya manjano yakiwa bado yanadondoka.

Swali la kwanza na la pili alikuwa ameshayajibu. La tatu lilikuja hadi kwenye meno. Lakini nitamuulizaje mwanamume mzima habari za tumbo la mke wake, na Karis na mwenzake wamenyamaza wakisikiliza? Niliona jinsi watakavyocheka wiki nzima. Nikalimeza.

Akaniuliza, "Anakunywa tu? Kikombe moja ni sawa?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Wala sikujua kama kikombe kimoja ni sawa. Nilitaka tu aondoke.

Shosho alirudi alasiri. Kabla ya kuvua kitambaa cha kichwa aliona vidonda vitatu vibichi kwenye mshubiri mkubwa, na beseni kavu. Akaniuliza majani yameenda wapi. Nilimwambia, neno moja moja, nikiangalia miguu yangu. Aliniuliza kama nilimuuliza yule baba swali la tatu, nikasema sikumuuliza. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawa kama mtu aliyebeba mzigo.

"Mimi goti haitanifikisha," alisema. "Wewe miguu uko nayo. Mtafute."

Nitamtafuta wapi? Sikuwa nimemuuliza hata jina. Nilichojua ni saruji kwenye viatu. Watu pekee waliokuwa wamemwona ni wale wale nilioogopa wanicheke. Nikatembea hadi kwenye pikipiki, nikasema, "Karis, yule baba wa asubuhi unamjua?"

Alinikazia macho, kwa sababu sikuwa nimewahi kumwita jina. Nadhani alitaka kutania. Aliponiangalia usoni akaacha. Alisema huyo ni Wafula, fundi wa mawe, anakaa nyuma ya kinu cha posho. Kisha akaniambia nipande.

Tulikuta mlango uko wazi na majirani wamejaa. Mke wa Wafula, jina lake Nekesa, alikuwa amelala kwenye kitanda akijikunja, mikono miwili imeshika tumbo lake. Sikuhitaji kuuliza tena. Tumbo lilionekana, la miezi mitano hivi. Kwenye stuli kulikuwa na jagi la maji ya rangi ya manjano na kikombe kilichonywewa nusu. Alikuwa ameharisha, na sasa alisema maumivu yameshuka chini, yanakuja na kwenda. Jirani mmoja alisema apewe maziwa. Mwingine, mama mwenye sauti, alishikilia kwamba dawa ndiyo inafanya kazi, amalizie kikombe chote. Na alikuwa ameshakishika.

Mwanangu, katika maisha yangu yote sikuwa nimesema mbele ya watu zaidi ya watatu. Mlango ulikuwa nyuma yangu na ningeweza kutoka. Wafula hakuwa ameniona bado. Lakini kikombe kilikuwa kinaelekea mdomoni kwa Nekesa, nikasikia sauti yangu, kubwa kuliko nilivyoijua.

"Asinywe tena. Apelekwe hospitali sasa hivi. Ni mimi nilimuuzia."

Wote wakanigeukia. Wafula alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Akasimama.

"Ulikuwa unajua hii ni mbaya kwa mama mjamzito?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona basi ulinikubalia na kichwa?"

Jibu la swali hilo ndilo hili ninalokuandikia. Hakunipiga, ingawa ningemwelewa. Karis alikuwa ameshakimbia kutafuta gari, akarudi na jirani mwenye gari la kubebea mboga. Tulimlaza Nekesa juu ya magunia. Nilibeba lile jagi na jani lililobaki, nikaingia nao, na hakuna aliyenikataza.

Kule Thika, muuguzi aliuliza amekunywa nini, kiasi gani na saa ngapi. Wafula alikuwa ameinamia mke wake, akimwita jina. Nilijibu mimi. Nilimwonyesha jani, nikamwonyesha jagi limepungua wapi, nikamweleza kwamba lilikamuliwa na maji yake ya manjano. Aliandika yote, na aliniambia nimefanya vizuri kuja na jani. Neno hilo liliniuma kuliko tusi.

Tukangoja nje, Wafula kwenye benchi upande mmoja, mimi upande mwingine. Niliomba kama sijawahi kuomba. Majuto ni mjukuu, lakini siku ile mjukuu alikuja kabla ya babu kuondoka. Jioni daktari alitoka akasema wamemwekea maji mwilini, maumivu yanatulia, na moyo wa mtoto wameusikia unapiga. Angelala pale siku mbili. Wafula alifunika uso kwa mikono yake yenye saruji. Alipoifunua aliniambia nirudi nyumbani, giza lisinikute njiani. Hakusema amenisamehe. Alisema hivyo tu, kama baba angemwambia binti yake.

Nilifunga nguo zangu nikingoja kufukuzwa. Asubuhi Shosho aliukuta mfuko mlangoni, akausogeza kwa mguu, akanipa uji. Kisha akasema maneno niliyoyabeba hadi leo.

"Aibu sio dhambi. Mungu mwenyewe ndiye alikupatia. Lakini aibu ni yako, na tumbo ni ya mwenyewe. Usilipe aibu yako na tumbo ya mtu."

Nikalia. Aliniacha nilie, akamaliza uji wake. Kisha akachukua stuli yake, ile aliyokalia mbele kabisa ya kitalu wateja wakija, akaniambia kuanzia leo hiyo ni yangu. Mwingine angeniweka nyuma nisionekane. Yeye aliniweka mbele. Kwa hilo nitamshukuru hadi niingie kaburini. Mteja wa kwanza niliyemuuliza swali la tatu nilimuuliza kwa sauti iliyopasuka, na Karis hakucheka. Mteja wa kumi alicheka yeye mwenyewe, nikacheka naye.

Nekesa alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuvunja vioo. Miezi kadhaa baadaye alipita na mtoto mgongoni, akasimama mbele ya stuli yangu. Nilimwomba msamaha kwa mdomo wangu mwenyewe, maana kitu kama hicho hakisemwi kwa macho. Alimtingisha mtoto taratibu, akiniangalia. Kisha akamfungua mgongoni akanipa nimshike. Alikuwa mzito, wa joto, na alinivuta sikio.

Basi, mwanangu, ushauri wangu ni huu. Mimea hii ya majani manene ni zawadi, na waliotutangulia hawakukosea kuiheshimu. Ukiungua mkono, jani lililochujwa na kuoshwa litakupoza. Lakini kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kuumiza, na anayekitoa mkononi mwake ndiye wa kwanza kusema. Usimpe mjamzito wala mtoto mchanga shubiri ya kunywa, hata akija na picha kwenye simu inayosema inafaa. Maumivu usiyoyajua yapeleke kwa daktari. Na usiwahi kutikisa kichwa kwa jambo usilolijua. Sema, sijui. Ni neno dogo, na halijawahi kumuumiza mtu.

Sikwambii uache haya. Haya ni yako, umeirithi kwangu, na ina uzuri wake: mtu mwenye haya husikiliza vizuri. Ninakuomba tu usiiache isimame kati yako na mtu aliye hatarini. Ukikosea, usikimbie; rudi na jani mkononi, useme ni mimi. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mficha kosa hapati wa kumsaidia.

Namshukuru Mungu kwa Shosho, aliyenikaripia bila kunitupa. Namshukuru kwa Karis, kwa daktari yule, na kwa Nekesa aliyenipa mtoto wake nimshike. Mungu aliyeusikia moyo ule mdogo ukiendelea kupiga akutunze nawe, mwanangu. Abariki mikono yako ioteshe, abariki masikio yako yasikie, na siku ambayo uhai wa mtu utangoja neno lako, alifungue koo lako.