Mama Aliyeachwa Njiani

Harufu ya moshi wa kuni za miwati, ikichanganyika na ya maganda makavu ya maharage, hunirudisha Lushoto papo hapo, kwenye jiko la Bibi, msimu ule ambao ukungu ulipanda kutoka bondeni na kuingia ndani bila kupiga hodi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, wazee nao walipotakiwa kujua kusoma. Bibi alikuwa mwanafunzi wa elimu ya watu wazima, mkaidi kuliko wenzake wote, nami nilikuwa darasa la tano. Mama aliteremka Tanga kutafuta kazi nikiwa bado sijaanza shule, na tangu hapo hatukupata hata salamu. Nyumbani hakuna aliyemtaja. Nilikuwa na hamu naye isiyosemeka, nikaizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Siku moja mwalimu wa Bibi alimwazima riwaya. Jina lake limenitoka, lakini mwanzo wake sijausahau: mwanamke wa milimani anainjika maharage, anatoka kwenda kuteka maji, harudi. Binti yake anafunga safari kumtafuta. Nilipousoma ukurasa ule niliurudia tena. Nilijisemea kwamba mwandishi huyu, mtu mzima aliyesoma, bila shaka anajua akina mama huenda wapi, na mwishoni atasema.

Jioni nikawa nawasomea, nikitafsiri kwa Kishambaa palipokuwa pagumu. Majirani walikuja na maharage yao ya kupukuchua, wakaketi kuuzunguka moto. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Ya kitabu kile iling'aa asubuhi kweli, kufika adhuhuri ikazama. Binti anaingia kijiji kipya, safari anaisahau. Kuanzia hapo ni mikutano na hotuba za mwenyekiti, sura baada ya sura, hadi binti anaolewa na dereva wa trekta na watu wanapiga makofi. Majirani walicheka, wakiulizana trekta hilo lingelima wapi kwenye miteremko yetu lisibingirike hadi Mombo, kule chini bondeni. Mimi sikucheka.

"Na yule mama?" Bibi akauliza.

"Kimeisha, Bibi."

"Geuza karatasi."

Niligeuza. Palikuwa peupe. Nililia mbele za watu, na nadhani kila aliyekuwapo alijua simlilii mwanamke wa kitabuni.

Jikoni kwetu palikuwa na desturi: msimulizi hafuniki moto kabla hajampatia mtu wa hadithi yake mahali pa kulala, asije akakesha nje kwenye baridi. Bibi alisogeza ungo kando. "Huyu mwandishi kachoka," alisema. "Mtu haachwi njiani." Akaanza kumrudisha yule mama. Jioni ile alimlaza Mombo, kwa mwanamke muuza ndizi. Nyingine akampandisha hadi Soni, akamwosha miguu kwenye maji ya maporomoko. Akaendelea kumsogeza hivyo, jioni kwa jioni, mpaka akamfikisha nyumba ya jirani iliyo kwenye kona ya barabara, chini kidogo ya kwetu. Hapo akamwacha. Nilimsihi sana amfikishe mlangoni, asikubali.

"Mimi namsogeza tu, mjukuu wangu. Mlangoni atafika mwenyewe."

Subira huvuta heri, ndivyo tulivyofundishwa. Mama hakuja. Bibi naye alitangulia mbele ya haki, nami namkumbuka hata kwa ukaidi wake. Siku hizi nina rafu zilizojaa riwaya, nyingi zimeandikwa kwa ustadi ambao mwandishi yule hakuuota, na nikifika mwisho bado nageuza karatasi. Jiko la Bibi limebomolewa, wapwa wangu wanapikia gesi, maharage wananunua sokoni yakiwa yamepukuchuliwa. Barabara ni ya lami, gari linapanda bila shida. Lakini tukiikaribia kona ile huwa namwomba dereva apunguze mwendo.