Miaka minane akisubiri kupiga kelele kwa Kiswahili

Saa mbili na robo asubuhi, Jonas Masunga amepiga goti juu ya robota la suruali za jinzi katika ghorofa ya chini ya jengo moja la Xiaobei, hapa Guangzhou. Anakata selotepu kwa meno, anazungusha, anapiga kofi, kisha anaandika kwa wino mweusi: jina la mteja, DAR, namba ya robota. Halafu analisukuma pembeni na kuvuta lingine.

Kwa kila robota analipwa yuan nane. Akifunga ishirini, siku imekwenda vizuri. Akifunga thelathini, kesho yake anapanda ngazi kwa kushikilia ukuta.

Mpaka Oktoba iliyopita hakuwa mtu wa kulipwa kwa robota. Alikuwa msimamizi wa kupakia makontena katika ofisi ya wakala wa mizigo, mwenye mshahara wa mwezi na kibali cha ukaazi kilichosimama kwa jina la ofisi hiyo. Mshahara umekwenda na kibali kinaelekea kwisha kwa sababu ya baiskeli, na baiskeli yenyewe wala hakuipanda yeye.

Watanzania wenzake hapa wanamcheka, tena mbele yake. Wapo wanaosema amerogwa. Mwandishi wa makala haya naye alikwenda kumsikiliza akiwa na kicheko chake mfukoni, na amerudi nacho bila kukitumia.

Jonas, mwenye miaka 43, ni mtoto wa Shinyanga, mahali ambapo siku ya mbio za baiskeli hata muuza duka anafunga akasimame barabarani. Ujanani alishindana akiwa na Phoenix ya gia moja, baiskeli nzito iliyotengenezwa huku huku China. Nafasi yake nzuri kabisa ilikuwa ya tisa. Alipewa tochi.

Alifika Guangzhou miaka kumi na miwili iliyopita, akaanza kwa kubeba, akapanda hadi kusimamia. Mwaka wa nne akasikia kwamba jimbo la jirani, Guangxi, kila Oktoba hupokea waendesha baiskeli wa kulipwa kutoka dunia nzima, siku sita za mbio, mji hadi mji. Akakata tiketi ya treni. Tangu hapo, ukiacha miaka ya korona mbio zilipofutwa, hajakosa hata mara moja.

Usidhani anakwenda kama mgeni wa heshima. Analala gesti za bei ya chini, anatembea na mayai ya kuchemsha, anasimama kwenye kona tangu asubuhi. Kundi likifika linapita kwa sekunde arobaini, amezihesabu. Kisha anapanda basi kuwahi mji unaofuata.

Tatizo ni kwamba Oktoba ndipo maonyesho makubwa ya biashara yanapofunguliwa Pazhou, hapa hapa Guangzhou, wateja wanamiminika, na ofisi za mizigo hazipumui. Bosi wake, Haidar, Mzanzibari mwenye ulimi, alikuwa akimpa ruhusa kwa masimango. Alikuwa akimwambia watu huenda kuhiji, yeye anakwenda kuangalia matairi. Lakini alimpa, kwa sababu Jonas hakuwahi kukosa kontena.

Kwa miaka yote hiyo Jonas aliwashangilia Wazungu na Wachina, kwa neno wanalolitumia watu wote wa barabarani kule: jiayou. Maana yake ni ongeza mafuta, ila huku ndivyo mtu anavyotiwa moyo. Alichokisubiri ni mtu mmoja tu wa kumpigia kelele kwa Kiswahili. Mtu wa kwao, hata awe wa mwisho.

Oktoba iliyopita akaja. Kwenye orodha ya timu moja kulikuwa na Mkenya wa miaka 24 aitwaye Mugo. Jonas akamwandikia mtandaoni, na kijana akajibu siku hiyo hiyo kwamba siku ya mwisho, kwenye kilima cha Nanning, mji wa kumalizia mbio, amsubiri kona ya juu kabisa na kumpigia kelele ya nyumbani. Angesikia, alisema.

Jumapili ile Jonas alifika kwenye kona hiyo saa moja asubuhi. Alikuwa ameshachagua maneno yake. Angesema, "Kanyaga, mdogo wangu, kanyaga, tupo hapa!" Aliyarudia siku nzima kimoyomoyo kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa mbele.

Kundi kubwa likapita. Mugo akaja nyuma, peke yake, kichwa kimeinama, mdomo wazi. Alipita karibu kiasi kwamba Jonas angeweza kumgusa bega.

"Nikafungua mdomo," anasema. "Likatoka jiayou. Jiayou, jiayou, jiayou, mpaka akapotea. Nilijisikia mwenyewe na sikuweza kulizuia."

Wachina waliosimama pembeni yake walikuwa wakilipigia kelele neno hilo hilo. Mugo hakugeuza shingo. Kwa nini ageuke?

Hapo ndipo mtu mwingine angepanda treni akarudi kazini, na Jonas alikuwa na tiketi ya jioni. Lakini ujumbe ukaingia kwenye simu yake, na ujumbe huo ndio uliommaliza.

Hapa inabidi msomaji aelezwe utaratibu wa Waswahili wa Guangzhou. Saa zetu na saa za Wachina zinapishana kwa sita, maana sisi tunahesabu tangu macheo na wao tangu usiku wa manane, na zamani mizigo ilikosa meli kwa sababu hiyo. Ofisini kwao wakakubaliana: ukiandika saa kwa tarakimu, ni saa ya Kichina, ukiandika kwa maneno, ni saa ya nyumbani. Aliyebuni utaratibu huo na kuubandika ukutani ni Jonas mwenyewe.

Jumapili hiyo Haidar alikuwa Pazhou akimtembeza mteja, Maulida, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa na siku tatu tu China. Simu ya Haidar ilikuwa imekwisha chaji, akamwomba Maulida amwarifu Jonas kwamba lori la kontena litafika Jumatatu saa tatu asubuhi. Mama wa watu akaandika anavyoandika kwao: "Kaka Jonas, Haidar anasema kontena ni kesho saa 3, uwepo."

Jonas akasoma tarakimu, akaona saa tisa alasiri. Akamshukuru Mungu. Akabadilisha tiketi, ili asubuhi apite hotelini kwa Mugo amsalimie kwa Kiswahili, angalau mara moja, uso kwa uso.

Hotelini wakamwambia timu iliondoka alfajiri. Alikuwa bado amesimama mapokezi, zaidi ya kilomita mia tano kutoka Guangzhou, simu ilipoita. Haidar aliuliza yuko wapi. Lori lilikuwa mlangoni na funguo za ghala alikuwa nazo Jonas.

Lori lilisubiri, likachoka, likaondoka. Meli ikafunga kupokea mizigo, iliyofuata ilikuwa imejaa. Jinzi za Maulida, zilizoshonwa Xintang kwa ajili ya sikukuu, zilifika Dar wakati watu wameshavaa na kuvua. Kabla ya kurudi Dar mama yule alilia ofisini, na Jonas anasema kilio kile kilimuuma kuliko kufukuzwa.

"Haidar hakunitukana," anasema. "Aliubandua ule utaratibu ukutani, akanipa mkononi."

Je, anamlaumu Maulida? Anatikisa kichwa. Mama aliandika Kiswahili, anasema, aliyeshindwa kukisoma ni yeye.

Mugo alimwandikia wiki moja baadaye. Jonas anautafuta ujumbe huo kwenye simu na kuusoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. "Pole buda, sikukuskia pale juu. Niliskia tu Wachina." Hajamjibu mpaka leo.

Kibali chake kinakwisha mwishoni mwa Februari na hana ofisi ya kumwombea kingine. Atarudi Shinyanga. Amesikia kuna mbio za baiskeli Julai, na mpango wake mkubwa, baada ya kutafuta kazi, ni kwenda kusimama barabarani na kumshangilia kila atakayepita.

"Ninachoogopa ni kitu kimoja," anasema, akivuta robota jipya. "Nifungue mdomo mbele ya mama yangu, litoke lile lile."