Nguo Safi za Eustakia

Kanazi nzima ilijua kwamba nyumba ya Eustakia haikai mtoto wa kiume. Alizaa wanne. Deodata na Agness walikua, wakanawiri, wakaolewa. Wavulana wawili, kila mmoja kwa zamu yake, walizaliwa wazima, wakageuka rangi kama ndizi iliyoiva, wakaacha kunyonya, wakazikwa nyuma ya migomba kabla padri hajapata nafasi ya kuwabatiza. Frednand, mumewe, hakumpiga wala hakumfukuza, na watu walimsifu mno kwa hilo, kana kwamba mtu anastahili sifa kwa kutofanya ushenzi. Alikufa bila mrithi wa jina, na siku ya mazishi dada zake walinong'ona neno "mchawi" kwa sauti ya kutosha mjane awasikie.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Eustakia alilisikia kisimani, akalisikia kwenye sala za jumuiya, akalizoea kama mtu anavyolizoea jino bovu. Alichojaliwa yeye ni usafi, tena usafi wa kuudhi. Uwanja wake ulifagiliwa mpaka kuku wakaona haya kuchakura. Kilele cha usafi huo kilikuwa sanduku la bati chini ya kitanda, lenye nguo za kitoto: shuka laini, vikofia, sweta alizofuma mwenyewe. Nyumba iliyozungukwa na migomba haikosi mende na ukungu, kwa hiyo tangu mimba ya kwanza alikuwa akitupia humo vidonge vyeupe vya nafthalini, kama alivyofundishwa na mke wa mwalimu mmoja jirani. Ukifungua sanduku, harufu ilikupanda puani hadi machozi. Eustakia aliipenda. Kwake ilikuwa harufu ya mwanamke anayejua kutunza vitu.

Tena mabinti walizivaa nguo hizo hizo wakakua. Nani angezishuku?

Mwaka ambao Deodata na Agness walishika mimba kwa kufuatana, mama yao alizigawa mafungu mawili, sawa kwa sawa, asije mmoja akasema mama ana mtoto na mtoto. Agness, aliyeolewa Nyakahura, alipelekewa fungu lake mapema. La Deodata, Eustakia alilibeba mwenyewe hadi Runazi alipokwenda kumlea mzazi. Alitaka jambo moja tu maishani mwake, wala halikuwa kubwa: kumwona mvulana wa damu yake akitambaa.

Deodata alijifungua mvulana. Walirudi kutoka zahanati siku iliyofuata, na desturi ikachukua nafasi yake: mtoto hatoki nje kabla kitovu hakijadondoka, asije akapatwa na jicho la mtu. Eustakia aliisimamia desturi hiyo kama mlinzi wa geti. Alishusha pazia zito dirishani, akamkunja mjukuu ndani ya shuka baada ya shuka. Gizani mle usingeweza kujua rangi ya kitu chochote.

Mtoto alilala sana. "Mpole huyu," bibi alijisifu kwa Danstan, mkwe wake. "Hasumbui kama binti zangu walivyonisumbua."

"Mama, hanyonyi vizuri," Deodata alisema.

"Atanyonya. Watoto wa kiume ni wavivu mwanzoni."

Moyoni hakuwa na uhakika huo. Alishawahi kuwashika wawili waliolegea namna hiyo. Alijua pa kuangalia, kwenye weupe wa macho, wala hakuangalia, maana kuangalia kungekuwa kukubali. Akasali. Akamwongezea mtoto shuka lingine.

Danstan ndiye aliyelifungua pazia, kwa hasira, baada ya kumsikia mwanawe akilia kwa sauti nyembamba ya ajabu. Mwanga uliingia. Mtoto alikuwa wa manjano kuanzia paji la uso hadi nyayo, na mgongo wake ulikuwa umeanza kujipinda kwa nyuma. Walimkimbiza Biharamulo mjini kwa pikipiki, Deodata katikati, damu ya uzazi bado inamtoka. Eustakia alifuata kwa pikipiki nyingine, akiwa amebeba shuka za kubadilisha.

Hospitali walimlaza mtoto chini ya taa ya buluu, wakamwongezea damu. Hakufa. Lakini manjano yale, waliambiwa, yalikuwa yamekwisha kufika kwenye ubongo. Huenda asisikie. Shingo huenda isikaze. Deodata aliitikia kwa kichwa kila neno kama mtu anayeelekezwa njia, halafu akakaa sakafuni na hakutaka kuinuka.

Siku hizo palikuwa na daktari mgeni, Petronila, aliyekuwa akifanya utafiti wa watoto wachanga wanaopata manjano. Alikuwa amechukua damu kutoka kisigino cha mtoto, na majibu yalipotoka alimfuata bibi kwenye benchi la nje.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alimwuliza mambo mengi: mtoto amepewa dawa gani za miti, mama amekula nini, kwao wamewahi kufiwa na watoto wa namna hii. Eustakia alijibu kwa heshima, shuka zikiwa mapajani. Katikati ya swali daktari aliinama, akanusa.

"Hii harufu ni ya nini?"

Eustakia alimweleza, tena kwa fahari kidogo. Petronila akajongea karibu, akashusha sauti.

"Bibi, ndani ya chembe za damu yetu kuna kitu kinaitwa kimeng'enya. Kazi yake ni kuilinda chembe isipasuke. Kwenye ukoo wenu kimeng'enya hicho ni dhaifu. Mama anaweza kuubeba udhaifu huo maisha yake yote asiumwe, akawarithisha wanawe. Mtoto wa kike mara nyingi ananusurika, kwa sababu amepata kingine kizima kwa baba yake. Wa kiume hana akiba. Na vidonge hivi, mvuke wake ukikaa kwenye nguo, mtoto wa aina hiyo damu yake inavunjika ovyo. Manjano ndiyo mabaki yake."

"Kwa hiyo si uchawi."

"Si uchawi, bibi."

Miaka yote aliingoja sentensi hiyo. Sasa ilikuja, na haikumfariji hata chembe. "Na wale wangu wawili?"

"Siwezi kuwapima waliokwisha kufa. Lakini kwa ulivyonisimulia, nadhani ni hivyo hivyo."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna aliyewahi kuieleza methali hiyo kikatili namna ile. Eustakia aliziweka shuka chini, mbali na miguu yake. Mchawi angalau hufanya kwa chuki. Yeye aliwafunika wanawe kwa mapenzi, akawakaza vizuri wasipate baridi.

Hapo ndipo Danstan alipotokea na simu, uso umekunjuka kidogo kwa mara ya kwanza. Habari kutoka Nyakahura: Agness amejifungua salama. Mvulana.

Eustakia aliipokonya simu. Upande wa pili alikuwa Recho, mama yake Pancras, mume wa Agness. "Hongera, Mama Deodata. Tumemvika zile nguo zako nzuri," alisema. Eustakia alipoanza kueleza kwamba zivuliwe, mtoto aletwe apimwe damu, Recho alimkatiza. Habari za wodi ya wagonjwa hazipelekwi kwa mzazi mbichi, alisema, ni mkosi. Simu ikakatwa. Walipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Akapata lifti ya lori la mahindi hadi Nyakahura. Recho alimpokea mlangoni pa ua, akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa bibi kama yeye, mwenye mjukuu ndani na desturi ya kulinda.

"Umetoka kwa mtoto mgonjwa, Mama Deodata. Huingii mpaka kitovu kidondoke. Hata wewe unajua."

"Siingii. Mvueni nguo zile tu, mumwogeshe, mumpeleke hospitali."

Akamweleza yote, kwa Kiswahili, maana ndivyo yalivyokuwa yameingia kichwani mwake: kimeng'enya, chembe, kurithi kwa mama. Majirani walikuwa wamekwisha kusogea. Recho alisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Damu yenu? Mtoto wa kiume ni damu ya baba yake. Sisi huku hatuna ugonjwa huo." Akageuza mgongo. "Nguo ni safi, zinanukia. Nenda ukapumzike, mwenzangu, umechoka."

Kutoka ndani mtoto alilia, sauti bado nene, sauti ya mtoto mwenye njaa. Eustakia alijua sauti ile hudumu kwa muda gani. Alijua pia jambo jingine ambalo mwanamke yeyote wa umri wake kule analijua: neno gani huaminiwa bila ushahidi, na linamfanya nini mwenye kulitamka. Alikuwa amelikimbia neno hilo tangu akiwa na watoto tumboni.

Akaacha Kiswahili. Kwa Kihangaza, lugha ya kwao, ambayo Wasubi, wenyeji wa Nyakahura, waliielewa bila shida, na kwa sauti iliyofika hadi chumbani, akasema kwamba yeye ni mchawi. Kwamba ndiye aliyewaua wanawe wawili na kumharibu mwana wa Deodata, na nguo zile ndizo alizowarogea, na huyu wa ndani atakufa kabla ya Jumapili asipovuliwa.

Hakuna aliyebisha. Mtoto alivuliwa pale pale, akaogeshwa, akafungwa kwenye kitenge cha Recho. Nguo zilirushwa nje kwa ufito. Eustakia alisisitiza zichomwe bondeni, moshi usipande nyumbani, nao wakamtii kwa hofu. Jiwe la kwanza lilimpata begani alipokuwa akihakikisha sweta ya mwisho imeungua. Pancras ndiye aliyewazuia wenzake wasimmalize, akamsindikiza hadi barabarani.

Mtoto wa Agness hakuwahi kupimwa. Kama alikuwa na damu ile dhaifu ama hakuwa nayo, hakuna ajuaye. Deodata, ambaye mwanawe bado hajakaza shingo, amekwenda Nyakahura mara kadhaa kumweleza mdogo wake maneno ya daktari, na kila mara Agness humjibu jambo lile lile: "Nilimsikia mwenyewe, dada. Alisema kwa kinywa chake."

Kanazi hawamsalimii tena Eustakia. Sala za jumuiya hazifiki kwake. Mwaka jana alipitia gulio la Nyakahura, akamwona Agness akichagua dagaa, na chini, kando ya miguu yake, mvulana akitambaa kufuata ganda la ndizi. Mtoto aliinua uso akamtazama. Weupe wa macho yake ulikuwa safi kabisa, bila manjano. Agness akageuka, akamwona mama yake, akamnyakua mwanawe na kumfunika kichwa kwa kanga ili bibi yake asimwone.