Baraka ya Mursik

Usiku huo Jeruto aliweka simu ndani ya sufuria tupu ili ikilia isikike nyumba nzima. Alikuwa akingoja hospitali imwambie kama zamu ya upasuaji ya Kibii, mwanawe wa miaka mitano, imefika. Ilikuwa imeshaahirishwa, na sikio la mtoto lilikuwa likitoa usaha tangu ajifunze kutembea. Likikauka leo, halichukui muda linaloa tena. Siku hizi Kibii alitazama katuni kwa sauti ya juu hivi kwamba majirani wote wa mtaa wa Free Area walizijua hadithi zake.

Dawa za sikio Jeruto alitia mpaka akachoka. Mafuta ya kondoo pia alitia, ingawa hayo hakumwambia daktari. Daktari alimweleza kwamba chanzo hakiko sikioni. Nyuma ya pua ya mtoto kuna kinyama kilichovimba, na bakteria wamejificha humo; wanapita mfereji mwembamba mpaka ndani ya sikio. Ukiwafukuza sikioni na kuacha kinyama, umewapa likizo tu, watarudi. Jeruto alielewa upesi. Kibuyu kisiposuguliwa ndani, maziwa yataharibika hata ubadilishe ng'ombe.

Simu ikalia. Ni kesho asubuhi, na mtoto asile wala kunywa chochote usiku kucha, la sivyo atarudishwa nyumbani.

Jeruto hakumwogopa Kibii. Alimwogopa mama mkwe wake, Cheptanui, aliyekuja kutoka Kuresoi na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa, na ambaye hakuweza kumwona mtoto ana njaa akatulia. Basi akaburuta godoro, akalala mlangoni mwa jikoni kama askari wa kambi ya Lanet.

Walifika hospitalini mapema. Muuguzi alipoinama kumvua Kibii sweta, akanusa. Akamgeuza uso kwenye mwanga. Paji, mashavu na kidevu vilikuwa na utando wa maziwa wenye chembe za mkaa.

"Mama, huyu amekunywa mursik. Siwezi kumpeleka ndani."

Jeruto akamgeukia mama mkwe, aliyekuwa akikagua dari.

"Mama, umempa nini?"

"Sijampa kitu. Nimembariki," akasema Cheptanui. "Mtoto anaenda kukatwa. Aende hivi hivi kama mbuzi?"

Alikuwa amechovya vidole kibuyuni na kumpaka mtoto usoni Jeruto alipotoka gizani kutafuta tuktuk. Muuguzi akasema baraka hazimsumbui, linalomsumbua ni tumbo la mtoto, lazima liwe tupu. Jeruto akaanza kuhesabu. Miezi mingine ya kungoja, miezi mingine ya usaha.

Kibii hakusikia mengi, lakini alimwona bibi yake, aliyemwita Gogo, akionyesha kwa vidole alivyompaka. Akaangua kilio kwa ile sauti yake isiyojua udogo.

"Gogo alinipaka tu! Nilitoa ulimi nilambe, akanifunga mdomo! Hata tone hakunipa! Gogo ni mchoyo!"

Benchi zima likacheka. Muuguzi alijaribu kununa, akashindwa. Akamchungulia Kibii mdomoni, akamfuta uso, akaingia ndani kumwuliza daktari. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Jeruto hakuondoa macho kwenye mlango huo. Cheptanui, ambaye tangu azaliwe hajaitwa mchoyo, akawaeleza wagonjwa mmoja mmoja kwamba kwake hata mbwa hushiba maziwa.

Mlango ukafunguka. Daktari mwenyewe akatoa kichwa.

"Yuko wapi mjukuu wa mchoyo?" akauliza. "Mleteni."