Swichi Niliyoipeleka Msibani Kangemi

Safari hii sikuitaka. Wanjiru alinipigia simu kutoka Uarabuni, anakofanya kazi za nyumbani, akasema mama yake amefariki ghafla, anazikwa kesho, na mwajiri amemnyima ruhusa ya kuja. "Wafula, tumejuana tangu shule ya msingi hapo Jamhuri," alisema. "Leo wamejaribu kamera ya kanisa, nikaona vipande vipande tu. Nataka kuona uso wa mama. Mara moja tu." Nilimwambia atauona, na mimi nikishasema nimesema.

Asubuhi niliondoka Jamhuri na mkoba wenye kompyuta mbili na nyaya. Baridi ilikuwa ile ya kukufanya ujiulize nani alikutuma mjini.

Mjini kati niliingia duka la vifaa vya mtandao kununua swichi mpya, maana nilishuku ile ya kanisa imechoka. Swichi ni kisanduku chenye matundu mengi, kinachozigawia mashine mtandao. Dada wa duka alinisukumia moja. "Hii haina shida, chomeka tu na uende." Hawa watu! Kila kitu chao hakina shida mpaka ukitoe dukani.

Westlands, ofisini kwangu, niliipima. Sipeleki kifaa msibani kwa kubahatisha. Taa ya kijani ikiwaka bado hujajua lolote. Kwanza unaangalia kama mashine mbili zinasikiana kupitia hiyo swichi, kisha unazimiminia mzigo mzito wa data uone kama wote unafika. Ulifika wote. Nikafunga mkoba, nikachukua bodaboda kufuata barabara ya Waiyaki Way.

Kangemi nilimkuta baba yake Wanjiru, seremala aliyestaafu, amesimama mlangoni mwa kanisa na suti iliyomzidi mabega.

"Pole sana, mzee."

"Asante, kijana wangu. Tushapoa."

Nilianza na swichi yao ya zamani. Mashine zilisikiana vizuri, lakini nilipoongeza mzigo, karibu nusu ulipotea njiani. Ndiyo maana Wanjiru aliona vipande. Nikaitoa, nikaweka mpya, nikapima tena. Hakuna kilichopotea. Nilifurahi, nikasahau niko wapi.

"Sasa picha itaonekana kabisa?" mzee akauliza.

"Kabisa, mzee. Hata mkunjo wa shuka."

Aliitazama ile mpya. Kisha akasema, "Na ile ya zamani, unaweza kuirudisha?"

Nilidhani uchungu umemzidi. Akanishika mkono, tukatoka hadi nyuma ya kanisa, na huko akaniambia yote. Mkewe hakufa ghafla. Saratani ilikuwa imemla zaidi ya mwaka mzima. Kila Wanjiru alipotaka waonane kwa video walimwambia network ni mbaya, waongee sauti tu.

"Mama yake ndiye alitukataza," alisema. "Angejua, angetoroka hapo kwa mwajiri. Na paspoti yake wanayo wao. Wangemfanya nini huyo mtoto?"

Jamani, nilimhurumia na nilimkasirikia kwa pamoja.

"Mzee, nilimwahidi ataona."

"Najua," alisema. Hakubishana tena. Akarudi ndani kuketi karibu na jeneza.

Kabla ibada haijaanza walifungua kifuniko, nami nikasogeza kamera. Wanjiru alitokea kwenye skrini akiwa jikoni, kitambaa kichwani, na sauti yake ikasikika kanisa zima. Picha haikukwama hata kidogo. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kifaa changu kiharibike.

"Huyo si mama," alisema.

Shangazi yake akaanza kulia.

"Baba, mama amekonda hivi tangu lini?"

Mzee aliinuka, akaenda mbele ya skrini. "Muda mrefu, mwanangu."

"Si mlikuwa mnaniambia network ni mbaya?"

"Network haikuwa mbaya."

Wanjiru alipiga ukemi. Mzee alishika skrini kwa mikono yote miwili akisema nisamehe, nisamehe, nao wakalia hivyo, yeye huku na binti yake kule, mpaka mtu akaita kwa Kiarabu kutoka nyuma ya Wanjiru na skrini ikawa nyeusi. Mchungaji akatangaza wimbo.

Nilirudi Westlands kwa miguu, nimebeba ile swichi ya zamani. Njiani ujumbe wa Wanjiru uliingia: "Asante. Nimemwona." Basi. Mpaka leo sijui kama nilimtendea wema, na sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Nilichojifunza ni kwamba mimi, na utaalamu wangu wote, nilikuwa nikiamini haraka mno mtu akilaumu mtandao. Mama yangu yuko Bungoma. Jumapili iliyopita nilimpigia, nikataka tuonane. Akacheka, akasema, "Tuongee tu sauti, baba. Huku kwetu network ni mbaya."

Nilikata tiketi ya basi siku hiyohiyo.