Kengele Nyuma ya Pazia

Baba wa mwanafunzi wangu mmoja alipiga simu ya shule, nikaipokea mimi. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno kwamba siku ya wazazi atakuja kumchukua binti yake na sanduku lake.

"Ng'ombe wamekwisha, mwalimu. Waliobaki napeleka delta, kwenye majani. Yeye atakaa na mama yake."

Nikamuuliza, atarudi lini? Akasema, "Mungu akipenda." Huku kwetu Garsen mzazi akilisema neno hilo kwa sauti ile, usimwekee mtoto dawati.

Iliniuma, na mimi nikiumwa hukasirika. Msichana mwenyewe ndiye aliyeandika mchezo tuliokuwa tunauandaa kwa mashindano ya kaunti. Kuigiza hakutaka. Kwao, aliniambia mapema, msichana kulia mbele ya watu ni aibu. Sikumsukuma. Nikampa kazi yote ya nyuma ya pazia aiongoze yeye.

Mchezo ulikuwa wa mama mfugaji anayengoja ng'ombe warudi jioni, wakati wa ukame. Mwanzoni alimwandikia mama huyo maneno ukurasa mzima: mvua imekataa, mifugo imekufa, watoto watakula nini. Nikamuuliza, "Huyu mama anamhutubia nani? Anagombea udiwani?" Akacheka, mkono mdomoni. Nikamwambia ninachowaambia wote, kwamba mtu mwenye uchungu hatoi taarifa ya uchungu wake. Ana mikono. Ipe mikono kazi, sisi tutaona wenyewe.

Aliporudi, ukurasa wote alikuwa ameukata. Mama anaandaa kibuyu cha maziwa. Kengele ya ng'ombe inasikika kwa mbali, inakaribia, inanyamaza. Mama anangoja. Halafu anakifudikiza kibuyu chini. Basi. Nikausoma mara ya pili nimesimama.

Aliyeigiza mama alikuwa mtoto wa wakulima wa mtoni kama mimi, wa kutoka Ngao. Siku ya kwanza ya mazoezi akaketi vizuri, akachukua kibuyu, akamimina maji ndani na kuanza kukisuuza. Wasichana wa wafugaji wakaangua kicheko. Mwandishi wetu hakucheka. Alitoka nyuma ya pazia, akakichukua kile kibuyu polepole.

"Dada, hiki hakioshwi hivyo. Kinafukizwa."

Akatuonyesha namna kijiti chenye moto kinavyoingizwa ndani, kibuyu kikatikiswa na kufunikwa, mpaka moshi ushike. "Na mama hafukizi bure," akasema. "Akifukiza, ng'ombe wako njiani." Mimi nimezaliwa Kulesa, maziwa ya watu hawa nimeyanywa tangu utotoni, na ile harufu ya moshi siku zote nilidhani ni ya jikoni kwao. Ati mwalimu.

Tukakubaliana: moshi ukitoka mdomoni mwa kibuyu, yeye nyuma ya pazia aanze kupiga kengele. Sheria za nyuma ya pazia wanazijua. Ndala zinavuliwa. Kila kifaa kinakaa mezani ndani ya mstari wake wa chaki, na mezani hakalii mtu. Hakuna kunong'ona, hakuna kukohoa, ukitaka kulia nenda nje. Pazia lenyewe lilikuwa shuka za bwenini tulizozishona pamoja.

Kengele mwandishi wetu aliitoa nyumbani likizo fupi, ya mti, imefungwa kwenye leso. Ilikuwa ya ng'ombe aliyekuwa akitangulia kundi la baba yake, na ng'ombe huyo alikufa ukame huo. Mama yake ndiye aliyempa. "Baba hajui," akaniambia.

Siku ya wazazi tulicheza bwaloni baada ya chakula cha mchana. Baba yake alisimama ukutani na fimbo yake. Sanduku la binti lilikuwa tayari liko mlangoni. Nikajua hakuja kutazama mchezo.

Moshi ukatoka. Kengele ikaanza, lakini si kama tulivyofanya mazoezi. Tulizoea mwendo wa ng'ombe anayerudi nyumbani. Hii ililia mara mbili, ikanyamaza, ikalia mara moja, ikanyamaza tena, muda mrefu. Nikachemka. Leo ndiyo siku ya kujibunia mambo? Nikachungulia ukumbini. Yule mzee alikuwa ameacha ukuta, amesimama peke yake katikati ya njia.

Kengele ikakoma. Kibuyu kikafudikizwa.

Makofi hayajaisha, mzee alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia kwa binti yake. Walizungumza Kiorma, nami nilishika nusu. Nusu nyingine binti alinieleza baadaye.

"Yule ng'ombe hakutembea hivyo," baba alisema. "Alikuwa anatangulia wenzake."

"Mwisho alitembea hivyo."

"Wewe hukuwepo. Ulikuwa shule."

"Uliniambia kwenye simu, baba. Ulisema anasimama, unamngoja. Anasimama, unamngoja."

Mzee akakaa. Alikaa juu ya meza yangu ya vifaa, pale pale penye chaki ya kibuyu. Mimi humfokea yeyote anayekalia meza ile, hata mwalimu mwenzangu. Siku hiyo nilimwacha akae.

Baadaye akanyoosha mkono, binti akampa kengele. Akaifutika kwenye shuka lake, kisha akanigeukia na Kiswahili chake.

"Yule ng'ombe ameacha mtoto. Mtamba. Hii nitamfunga yeye."

Akatoka. Nikamwona anafika mlangoni, anainua sanduku. Lakini akarudi nalo, akaliweka miguuni pangu.

"Huyu naye ni mtoto wangu," akasema. "Akae asome."

Kwenye mashindano tulifika bila kengele. Tulihangaika, tukaishia kwenye kijiko na sufuria iliyofungwa kitambaa. Hatukuvuka. Waamuzi walisema mlio ule ni wa jikoni, haumleti ng'ombe, na walisema kweli. Ukumbini watu walikuwa wanaongea.

Ila wao walikuwa upande ule. Mimi nilikuwa upande huu wa pazia, nikimtazama mwandishi wetu amesimama peku na kijiko chake, macho kwenye moshi. Akapiga mara mbili, akangoja, akapiga mara moja, akangoja zaidi. Ukitaka kulia nenda nje, ndiyo sheria yangu, nikatoka nje.