Jibini ya Memsabu

Mwanangu wa kwanza alipokuwa bado ananyonya, titi langu la kushoto lilifanya jipu. Mume wangu, aliyekuwa kibarua wa reli pale Itigi, akanipeleka hospitali. Nikachomwa sindano ya penisilini. Kabla sijafika mlangoni midomo ilivimba, mwili mzima ukaniwasha, pumzi ikawa inapita kwa shida. Nilisikia watu wakiniita huku sauti zao zikienda mbali.

Nilipozinduka, muuguzi aliniambia, "Mwili wako umeikataa dawa hii. Usichomwe tena. Safari nyingine huenda usiamke."

Jipu likapasuliwa, nikapona polepole, nikarudi kwenye kazi yangu ya kufua na kupiga pasi nyumbani kwa mzungu mmoja wa reli.

Siku moja treni ilimletea mkewe kifurushi kutoka kwao. Memsabu akaniita jikoni, akanipa mkate uliopakwa kitu cheupe chenye michirizi ya buluu. Kilinuka kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye kibuyu. Nikala kwa heshima. Kilikuwa na chumvi, kikanichoma ulimi.

"Hii ni jibini," akasema kwa furaha. "Hiyo buluu ni ukungu. Ni ndugu wa ule unaotoa penisilini."

Tonge la pili lilikuwa bado mdomoni. Nikalitema kiganjani.

"Memsabu, penisilini ilitaka kuniua."

Akabadilika uso. "Mbona hukuniambia?"

"Sikujua kama inaliwa."

Akanikalisha, akanipa maji, akatuma mtu amwite mume wangu. Mume wangu alikuja na jasho lake la kazi, akanitazama midomo, kisha akapanda baiskeli kumfuata muuguzi.

Nikatembea hadi nyumbani, maana mtoto alikuwa huko na mama mkwe na saa yake ya kunyonya ilikuwa imepita. Nilimsikia akilia kabla sijafika uani. Mama mkwe akanipa. Sikumpokea.

"Mpe titi, mwanangu."

"Mama, nimekula kitu kibaya. Sijui kama kimeingia kwenye maziwa."

"Sasa alie mpaka lini?"

Maziwa yalikuwa yakinitoka yenyewe, yakalowesha khanga, na mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

Muuguzi alipofika alinitazama ulimi, akasikiliza kifua.

"Ile sindano ilikuangusha papo hapo," akasema. "Sasa jua linazama na huna hata kipele. Mnyonyeshe. Lakini jibini hiyo usiile tena. Kusema kweli, sina hakika nayo."

Nikamnyonyesha huku nikiichunguza midomo yake. Akashiba, akalala. Mimi niliendelea kuweka kidole chini ya pua yake kuona kama anapumua.

Hakuna kilichotupata. Ila hofu haikunitoka. Mwaka ule mvua zilikuwa haba, na unga wetu wa uwele ukashika unyevu kwenye chungu kilichokaa kando ya mtungi wa maji, ukaota ukungu juu. Mama mkwe alitaka kuukwangua tu na kupika, kama walivyofanya siku zote. Mimi nikaumwaga wote kwa kuku.

"Umetupa chakula cha watoto wangu," akaniambia.

Nilijua njaa ilikuwa karibu zaidi kuliko ukungu. Kuku hawakufa hata mmoja. Mpaka mavuno, mama mkwe aliufungia unga chumbani kwake.